Sista Tujibu: Manesi na watu wanaotumia dawa za kulevya

Safari hii maswali mengi yamekuja upande mmoja, nesi anafanya nini cha maana kwenye hili janga la dawa za kulevya, na wale wanaoitwa viongozi wa uuguzi huko duniani wamefanya nini. Nimechagua matano, mengine yanafanana nayo kwahiyo ukiona swali lako halipo soma la mwenzio.

Swali: Shikamoo sista. Mimi ni nesi, nimepewa usimamizi wa wodi hivi karibuni, sasa bosi anataka niandae mpango wa kupunguza matumizi ya dawa za kulevya niupeleke kwenye kikao cha uongozi. Najiuliza hii si kazi ya polisi na madaktari wa akili? Na nikisikia uongozi wa uuguzi kimataifa naona ni mambo ya watu wa kupanda ndege kwenda semina. Nisaidie. – Msimamizi mpya

Jibu: Marahaba mdogo wangu na hongera kwa cheo. Nianze na namba maana kikao chochote kinapenda namba. Ripoti ya dunia ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema watu milioni 292 walitumia dawa za kulevya mwaka 2022, na milioni 64 wameshafika hatua ya kuugua, yaani matumizi yamekuwa maradhi kabisa, halafu kati ya hao wagonjwa ni mmoja tu katika kila 11 anayepata matibabu. Sasa chukua namba ya pili, Shirika la Afya Duniani linasema manesi duniani walikuwa milioni 29.8 mwaka 2023, na hakuna kada nyingine ya afya yenye watu wengi hivyo. Wale 10 waliokosa matibabu, kama kuna mtu wa afya aliyewahi kuwagusa basi uwezekano mkubwa ni nesi, mtu alikuja na jipu la sindano mkononi, akapasuliwa, akafungwa bandeji, akapewa dawa akaenda zake na hakuna aliyemuuliza kitu. Hapo ndipo kazi yako ilipo, polisi hafiki hapo na daktari wa akili haitwi hapo.

Kwenye mpango wako anza na kuuliza. Shirika la Afya Duniani lina dodoso linaitwa ASSIST, maswali 8 tu, linapita kwenye sigara, pombe, bangi, kokeini, vidonge vya usingizi mpaka heroini, na nesi anaweza kulimaliza ndani ya dakika 5 mpaka 10. Kwa dawa za kulevya mtu akipata alama 4 mpaka 26 unakaa naye hapohapo mnaongea kwa kifupi, anaangalia alama zake mwenyewe, unamuuliza anazionaje, unampa taarifa bila kumhubiria. Akifika 27 kwenda juu huyo anahitaji tathmini kamili na matibabu. Aulizwe kila anayelazwa, kwa sauti ileile unayomuulizia kama kuna dawa inamdhuru, maana ukimuuliza yule tu aliyechakaa nguo wodi nzima itajua unachotafuta na hakuna atakayekwambia ukweli.

Ila msimamizi hasimamii karatasi. Msimamizi anahakikisha kuna sehemu ya faragha ya kuulizia, na anahakikisha kuna mtu wa kumpigia simu mgonjwa akisema ndiyo naomba msaada. Hili la pili usilipite haraka. Kumfungua mtu mdomo halafu huna pa kumpeleka ni kumuumiza mara mbili, na manesi wako wakishaona kwamba majibu hayaendi popote wataanza kujaza dodoso kwa kubuni, na mimi sitawashangaa.

Kuhusu hao wa kimataifa, wengi hawakupanda ndege kabisa, waligombana na sheria za kwao. Vancouver, Canada, mwaka 2003 kilifunguliwa kituo cha Insite ambako mtu anajidunga chini ya macho ya manesi, na sindano safi, na akizidisha dozi anaokolewa palepale. Serikali kuu ikataka kukifunga, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na chama cha kitaifa cha wauguzi kikaingia kwenye ile kesi kukitetea. Mwaka 2011 majaji wote wakaamua kituo kibaki. Kwenye jimbo hilohilo la British Columbia, Septemba 2020 ikatolewa amri ya afya ya umma ya kufungua njia manesi wa kawaida waweze kuandika dawa za kutibu uraibu. Marekani nako buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa heroini na jamii yake, ilikuwa ya madaktari tu mpaka sheria ya 2016 ilipowaruhusu manesi wenye mafunzo ya juu kuiandika, 2018 ruhusa ikafanywa ya kudumu, na mwishoni mwa 2022 kibali maalumu kilichokuwa kinahitajika ili kuiandika kikaondolewa kwa wote. Kila ruhusa kama hiyo maana yake mtu wa mbali na mji hasubiri tena daktari mmoja anayekuja kwa zamu. Kwahiyo kwenye kikao usiishie kuomba mabango ya ukutani, waulize ni kitu gani nesi wenu ameshajua kukifanya lakini haruhusiwi kukifanya.

Swali: Sista habari za kazi. Mimi naongoza kliniki ya methadoni, ile dawa ya kunywa kila siku wanayopewa watu badala ya heroini. Tatizo letu watu wanaanza vizuri halafu mwezi haujaisha wameshapotea, na wakirudi manesi wangu wanawasema sana, mara "nyie hamtaki kupona", mara wanawafungia dirisha dakika tano baada ya muda. Ninajua si sawa lakini timu imechoka na wagonjwa wengine ni wakali kweli. Nifanyeje? – Wa dirishani

Jibu: Nzuri ndugu yangu, na pole, hii kazi naijua inavyonyonya mtu. Lakini nitasema bila kuzunguka, kwenye methadoni kipimo kikubwa cha uongozi wako ni kama mtu wa leo atarudi kesho. Vingine vyote vinakuja baada ya hapo.

Angalia hatari ilipo kwanza. Wiki 4 za mwanzo za methadoni ni za hatari kwa sababu dawa inajikusanya mwilini taratibu, dozi ya siku ya tatu ina nguvu kuliko ya siku ya kwanza hata kama mililita ni zilezile, ndio maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kuanza kwa kawaida na isiyozidi miligramu 20 na kwa vyovyote isipite 30. Halafu wiki 4 baada ya mtu kuacha dawa nazo ni za hatari, labda kuliko zote, mwili umepunguza uzoefu na yeye anarudia kipimo kilekile alichokuwa anajidunga zamani, anakufa. Hivyohivyo kwa anayetoka gerezani. Sasa nesi anayemfungia mtu dirisha dakika tano baada ya muda anamsukuma kwenye hizo wiki 4. Hilo waambie timu yako kwa namba na kwa upole, wengi wao wanajua dozi lakini hawajawahi kuelezwa vifo vinatokea wakati gani.

Halafu chunguza kitu ambacho hakisemwi. Wengi wanaopotea wanapewa dozi ndogo. Kiwango cha kumshikilia mtu kwa kawaida kiko kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku, lakini kuna kliniki mtu anakaa kwenye 40 miezi, arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, inamrudia usiku, anatafuta unga, asubuhi mkojo unaonyesha heroini anasemwa mbele za watu. Yule hajashindwa kupona, dawa haijamtosha. Fungua mafaili ya waliopotea uangalie walikuwa kwenye dozi gani siku ya mwisho, mimi nabeti utaona kitu. Na mkojo uwe ni wa kukusaidia wewe kurekebisha matibabu, ukiufanya wa kuadhibu watu wataleta mkojo wa wenzao.

Weka utaratibu wa siku ya kwanza. Mtu asipokuja leo apigiwe leo, usisubiri siku ya nne, maana akikosa siku kama tatu mfululizo huwezi tena kumpa dozi yake ya zamani hivihivi, inabidi apimwe upya na dozi ishushwe, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Asubuhi, kabla hamjafungua, timu ipite majina ya waliokosa jana. Dakika kumi tu. Ni kikao kidogo lakini kitabadilisha maongezi ya manesi wako, wataacha kuongelea "wale wasumbufu" wataanza kuwaongelea watu kwa majina yao.

Na muangalie wanawake mlionao ni wangapi. Ripoti ileile ya 2024 inasema mwanaume mmoja katika kila 7 wenye maradhi haya anapata matibabu, kwa wanawake ni mmoja katika kila 18. Mwanamke anaogopa kunyang'anywa watoto, anaogopa kupanga foleni moja na mwanaume aliyekuwa anampiga, hana wa kumuachia mtoto asubuhi. Saa tofauti ya kuchukua dawa, benchi ambalo mtoto anaweza kukaa, nesi mmoja anayejulikana kuwa ni wao, haya hayahitaji bajeti ya wizara.

Kuhusu ukali wa wagonjwa, silifumbii macho, nesi akipigwa au akitukanwa ana haki ya kulindwa na wewe ndiye wa kwanza kumlinda. Ila utaona ukali mwingi unatokea foleni ikichelewa, mtu ameamka na arosto, amepanga mstari masaa mawili, halafu dirishani anaambiwa subiri chai. Fupisha ile foleni kwanza. Na timu yako ipate sehemu ya kutoa yaliyo moyoni mara moja kwa wiki, bila bosi wa juu kuwepo, kwa sababu mtu anayeona vifo vya watu aliozoea kuwasalimia kila asubuhi naye ana kilio chake, na kisipopata pa kutokea kinatokea kwa mgonjwa.

Swali: Sista, mimi ni mama wa kijana anayetumia heroini. Nesi mmoja ameniambia nikae na naloksoni nyumbani. Ndugu wamenikataza, wanasema nitakuwa namruhusu aendelee. – Mama mwenye hofu

Jibu: Mama yangu, kaa nayo. Huyo nesi amekushauri vizuri na anafuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014, unaosema yeyote anayeweza kushuhudia mtu amezidisha dozi aipate dawa hii na afundishwe kuitumia. Naloksoni haina starehe yoyote, inaondoa heroini kwenye vile vipokezi vya ubongo inakoshikilia, pumzi inarudi. Ukimkuta haamki ukimwita na kumsugua kifua, midomo imekuwa ya bluu au ya kijivu, anakoroma kwa shida au hapumui, piga simu ya dharura, mpe dawa puani au kwenye msuli kama ulivyofundishwa, msaidie kupumua, asipoamka baada ya dakika 2 mpaka 3 rudia. Halafu usimuache hata akisimama na kukasirika, kwasababu naloksoni inafanya kazi kama dakika 30 mpaka 90 tu na heroini inaweza kuwa bado imo, anaweza kuzimika tena. Kwa pombe au kokeini peke yake haisaidii, ila haitamdhuru. Hao ndugu waambie kijana akiwa hai ndio anaweza kupelekwa kliniki. Na waonyeshe na wao jinsi ya kuitumia mama, huenda siku hiyo wewe haupo.

Swali: Sista naomba usitaje chochote kunihusu. Nina nesi kwenye timu yangu, mchapakazi kuliko wote, anaomba zamu za usiku za ziada. Wagonjwa wake wanalalamika maumivu lakini rejista inaonyesha wamechomwa pethidini. Vichupa "vinavunjika" kwenye zamu yake tu. Ni rafiki yangu. Nikisema nitamuua, nisiposema naona wagonjwa wanateseka. – Msimamizi

Jibu: Nimekusoma na nimeumia na wewe. Dalili ulizotaja zote zinaelekea upande mmoja, kwamba ile pethidini anaitumia yeye mwenyewe, lakini bado si ushahidi, kwahiyo usimkabili peke yako koridoni na usiliongee na wenzake. Andika tarehe, zamu, mgonjwa, kilichoandikwa na kilichoonekana. Linganisha rejista na kabati la dawa. Peleka kwa aliye juu yako na kwa anayehusika na dawa, kwa utaratibu ulioandikwa wa hospitali yenu. Wagonjwa waangaliwe upya maumivu yao leo hii, na kama kuna wasiwasi kwamba vichupa vimechezewa au sindano imetumika mara mbili basi kuna suala la maambukizi pia, hilo halisubiri.

Na siku atakayoitwa, hili nakuomba kwa moyo wangu wote, asiachwe aende nyumbani peke yake. Masaa ya baada ya kuitwa ndiyo nesi anaweza kujidhuru, amepoteza jina, kazi na siri kwa pamoja, na anajua dozi. Awepo mtu wa kukaa naye na miadi ya matibabu iwe imeshapangwa kabla hajaingia kwenye kile chumba.

Hapa uongozi wa manesi umeonyesha njia. Florida, Marekani, tangu mwaka 1983 kuna mpango ambao nesi aliyeingia kwenye uraibu anaondolewa mara moja kwa wagonjwa, anapelekwa kutibiwa, anafuatiliwa kwa vipimo kwa muda mrefu na akiwa salama anarudi kazini chini ya masharti, badala ya kufukuzwa tu na kuachwa. Majimbo mengine mengi yakafuata. Anayejua kwamba akigundulika ataangamizwa anajificha mpaka siku mgonjwa anakufa au yeye anakufa. Anayejua kuna mlango, baadhi wanajisema wenyewe na wenzao nao wanathubutu kusema mapema. Kama kwenu hakuna kitu kama hicho, wewe na chama chenu cha wauguzi mna hoja ya kupeleka kwenye baraza linalotoa leseni. Urafiki wenu unaweza usipone, ila kusema kwako hakumuui. Ukimya ndio unaweza kumuua.

Swali: Shikamoo sista, mimi mwanafunzi wa ukunga. Wodini kulikuwa na mama anayetumia methadoni, mtoto alipoanza kutetemeka na kulia, nesi mkubwa akasema mama asimshike "asije akamharibu zaidi". Ni sahihi? Na mtu kama mimi nikitaka kuingia kwenye fani hii ya uraibu naanzia wapi? – Mkunga mtarajiwa

Jibu: Marahaba mwanangu. Si sahihi, na nafurahi moyo wako ulikataa. Mama mjamzito hakatishwi methadoni, kukatisha ndiko kunakoweza kuleta arosto kwa mama na hatari kwa ujauzito. Mtoto wake akizaliwa anaweza kuonyesha dalili za kukosa dawa na zinatibika, na kitu kimoja kinachozipunguza ni kifua cha mama, chumba chenye mwanga hafifu, kelele chache, na kunyonya kama hakuna sababu nyingine ya kuzuia.

Zamani mtoto alikuwa anahesabiwa dalili moja moja kwenye orodha ndefu, alama zikipanda anapewa mofini. Sasa kuna njia ambayo nesi anauliza mambo matatu, anakula? analala? akilia anabembelezeka? Kama ndiyo, dawa hazihitajiki, na mama ndiye tiba ya kwanza. Utafiti wa hospitali 26 za Marekani uliochapishwa 2023 ulikuta watoto waliohudumiwa hivyo walikuwa tayari kwenda nyumbani kwa wastani wa siku 8.2 wakati kwa njia ya zamani ilikuwa 14.9. Karibu wiki nzima mtoto anakuwa mikononi mwa mama yake badala ya wodini, na inayofanya hivyo ni kazi ya nesi, kukaa na yule mama na kumfundisha kubembeleza bila kumuonea haya. Ukiwa mwanafunzi huwezi kubishana na nesi mkubwa mbele ya mgonjwa, lakini unaweza kwenda kumkalisha mama vizuri na kumuuliza msimamizi wako kwa adabu, "sista, kuna sababu ya kumtenga huyu mtoto?" Mara nyingi sababu haipo na mtu anajirekebisha mwenyewe.

Kuhusu kuanza. Kuna jumuiya ya kimataifa ya manesi wa uraibu, IntNSA, ilianza Marekani mwaka 1975, ina jarida lake na mtihani wa kuthibitisha ujuzi kwa manesi wenye uzoefu. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lenye makao Geneva, lipo tangu 1899, linafanya kazi na vyama vya kitaifa kwahiyo mlango wako wa kulifikia ni chama cha kwenu. Lakini kabla ya huko omba kukaa kwenye kliniki ya uraibu wakati wa mafunzo, hata kama ratiba haina, na ujifunze kutumia COWS, kile kipimo cha arosto chenye vipengele 11, mapigo ya moyo, jasho, mboni za macho, miayo, vinyweleo na vingine. Ukikijua vizuri utaweza kusema ni lini mtu yuko tayari kuanza buprenofini na ni lini bado, maana ikianza mapema heroini ikiwa bado imejaa mwilini inamrushia arosto kali ghafla na hatairudia tena. Madaktari watakusikiliza kwa hilo mapema kuliko unavyodhani, hata ukiwa na mwaka mmoja kazini.